Pumzi Mbili Bila Kamba

Siku hizo, mtu akitaka kumsifu mwenzake kijijini kwetu Kwemkulo, juu ya Kwai, alimwambia ana mikono ya Kornelio. Kornelio Shemzighua alikuwa mpanda miti. Yeye na rafiki yake Athumani Singano walipanda miti mirefu ya msituni na kuteremsha mbegu, na mbegu hizo zilipelekwa kwa bwana misitu kwa ajili ya bustani ya miche. Wengine walijaribu kazi hiyo wakaiacha ndani ya wiki moja. Hawa wawili waliifanya miaka tisa.

Mti uliotakiwa kuliko yote ulikuwa mkulo. Mikulo ilikuwa imekatwa sana tangu zama za Wajerumani, na iliyobaki ilikuwa michache na mikubwa. Ni mti mkaidi. Waweza kukaa miaka minane au kumi bila kutoa tunda la maana, na ukitoa, mbegu hazisubiri. Zikianguka chini, baada ya siku chache wadudu wamekwisha kuzitoboa. Ni lazima mtu azifuate juu.

Shina la mkulo mkubwa halikumbatiki, kwa hiyo mti haupandwi moja kwa moja. Mpandaji huparamia mti mwembamba ulio jirani, akafika juu, kisha akavuka kwenye tawi la mkulo. Kiunoni amefungwa kamba ya mkonge. Mwenzake yuko chini, ameizungusha kamba ile kwenye gogo, anailegeza na kuikaza. Lakini mkulo una mahali pamoja pabaya, pale kwenye panda, shina linapogawanyika mara mbili. Kamba haipiti pale. Mpandaji lazima aifungue, ajivute hadi upande wa pili wa panda, aifunge tena. Kwa muda wa pumzi mbili hana kamba.

Kwa ajili ya pumzi hizo mbili walikuwa na maneno yao. Wa juu husema, "Nafungua." Wa chini hujibu, "Fungua." Akishavuka, wa juu husema, "Nimefunga," na wa chini anavuta kamba kidogo kuhakikisha. Bila kujibiwa, wa juu hafungui.

Ukimwuliza Kornelio siri yake, alisema hana siri. "Nikifika chini ya mti," alisema, "huwa nimekwisha kufika juu. Mikono inafuata tu."

Mwaka ule nchi ilipotimiza miaka kumi ya uhuru, asubuhi moja, walikwenda kuutazama mkulo mkubwa ulio karibu na kijito, kama umeanza kuchanua. Ilikuwa zamu ya Athumani kupanda. Alipokuwa anafunga kamba kiunoni, Kornelio alimtazama akacheka.

"Mgosi, leo vipi? Mikono inatetemeka kama ya bwana harusi. Umezeeka?"

Athumani naye alicheka. Kwa wanaume wawili waliotaniana tangu utotoni, utani ule haukuwa kitu. Akapanda, akavuka, akafika kwenye panda. Na hapo Kornelio, macho yakiwa juu, alimwona akisimama, akainua mikono yake miwili, akaitazama.

"Nafungua," Athumani akasema.

"Fungua."

Tawi likalia. Kornelio alishika kamba kwa nguvu zake zote, lakini kamba ilikuja nyepesi.

Tulimzika Athumani siku ile ile kabla ya alasiri. Kornelio, ingawa ni Mlutheri, alishika jeneza mbele kabisa, na siku ya arobaini alikwenda akakaa mkekani na wenzake, akaondoka bila kusema neno. Baada ya hapo hakukanyaga tena nyumbani kwa mjane, Mwanaidi. Akimwona njiani anachepukia shambani kwa mtu.

Kilichomfuata hakikuwa sura ya marehemu. Kilikuwa sauti. Anapalilia maharage, ukungu umeshuka hadi magotini, anasikia juu ya kichwa chake, wazi, kwa sauti ya mtu aliye kazini: "Nafungua." Anasimamisha jembe. Anangoja lile neno la pili. Halisemwi. Kanisani, mchungaji akinyamaza kidogo katikati ya sala, anasikia: "Nafungua." Kwenye mkutano wa kijiji, mwenyekiti anapanga zamu za shamba la ujamaa, Kornelio anageuza kichwa kutazama dari ya mabati. Mkewe, Dorkasi, aligundua kwamba neno lenyewe likitamkwa nyumbani mume wake anaganda. Basi akaliacha. Alisema, "Nasukuma mlango," au, "Naondoa kifuniko," na watoto wao wakazoea kusema hivyo hivyo.

Alijaribu kurudi kazini. Mwaka wa kwanza alipewa mti mdogo, mshai ambao zamani angeupanda huku anapiga mluzi. Alifika futi thelathini. Hapo mikono yake ikaacha kumjua. Alisimulia baadaye kwamba aliitazama akaona ni mikono ya mtu mwingine, na tangu alipoanza kuitazama hakuweza tena kuituma. Alikaa amekumbatia mti ule kuanzia saa tatu hadi saa sita mchana. Ilibidi wanaume wawili wampandie na kumteremsha, mguu mmoja mmoja, kama mtu anayefundishwa kutembea. Wanawake waliotoka kuokota kuni walisimama wakaangalia. Hakuna aliyecheka, na hiyo kwake ilikuwa mbaya zaidi.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wengine walisema ni pepo wa msitu, apelekwe kwa mganga. Mzee wa kanisa alimwombea. Bwana misitu mpya, Kristofa, kijana aliyetoka chuoni na aliyependa kupiga pasi suruali yake hata siku za kwenda msituni, alimwita pembeni.

"Bwana Kornelio, mwili wako ni mzima. Haya ni mawazo tu. Wewe jiamini."

"Nilikuwa najiamini, Bwana Kristofa," Kornelio alijibu. "Ndiyo maana nilitania."

Kristofa hakuelewa, na Kornelio hakueleza. Hakuwa amemweleza mtu yeyote. Aliamini moyoni kwamba amemwua rafiki yake kwa neno. Athumani alipanda akiwa mtu mzima, anayejua mikono yake. Neno lile likampandia mgongoni, likafika naye kwenye panda, likamwambia: itazame mikono. Na mtu akishaitazama mikono yake mahali kama pale, amekwisha.

Ikawa miaka mitatu. Kornelio akalima viazi kama watu wote.

Mwaka wa sabini na nne mvua zilikuwa haba, njaa ikapiga hodi hata huku milimani. Watu walikuwa wanahamishiwa vijijini, nyumba mpya zinasimamishwa, na mbao zinatakiwa kila upande. Na ni mwaka huo huo ambao mkulo wa kijitoni, baada ya kunyamaza miaka mingi, uliamua kuzaa. Hondohondo ndio waliotangulia kujua. Walijaa juu yake wakipiga kelele, na maganda ya matunda yakaanza kudondoka kijitoni.

Kristofa alipanda kutoka Lushoto na Landrova yake, akautazama mti kwa darubini, akaja moja kwa moja hadi shambani kwa Kornelio.

"Nina vijana wanne," alisema. "Wote wamefika kwenye mti wa kuvukia, wakaiona ile panda, wakashuka. Wanasema hapo ndipo alipoangukia mtu. Tuna siku tano, labda sita. Zikipita, sijui tutangoja miaka mingapi, na sijui kama mti wenyewe utakuwapo. Sikulazimishi."

"Mimi siwezi," Kornelio alisema.

"Basi njoo uwaonyeshe tu."

"Siwezi hata kusimama chini yake."

Kristofa aliondoka. Kornelio aliendelea kulima mpaka jembe likagonga jiwe, na alipoinua uso alimwona Mwanaidi amesimama ukingoni mwa shamba, khanga ameikaza kiunoni, miguu ina tope la njiani. Hapakuwa na shamba la jirani la kuchepukia.

"Onga mshi, shemeji," Mwanaidi alisema.

Kornelio aliitikia salamu.

"Umenikimbia miaka mitatu. Nilidhani ni hasira. Nilidhani umeyajua."

"Nijue nini?"

Mwanaidi alikaa kwenye tuta. Alichuma jani la kiazi akawa analikunjakunja. "Siku ile mwenzio alikuwa na homa. Siku ya tatu. Asubuhi hakuweza hata kushika kikombe cha uji, kilimmwagikia. Akasema atalala. Mimi nikamwambia, mwanamume mzima, bwana misitu anangoja, Kornelio atakwenda peke yake? Nikamwambia usituaibishe. Akaamka akaenda." Alilitupa lile jani. "Hayo ndiyo niliyodhani umeyajua. Kwamba mimi ndiye niliyemtoa kitandani."

Kornelio alikaa chini naye. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile alisimulia alichokisema yeye chini ya mti: mikono inatetemeka, umezeeka. Alisimulia jinsi Athumani alivyoitazama mikono yake kule juu, na jinsi sauti yake inavyomfuata. Mwanaidi alisikiliza hadi mwisho.

"Kumbe ilikuwa inatetemeka kweli," alisema.

"Nami nilidhani ninatania."

Walikaa. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni upande wa Kwai, na ndani yake Kornelio akaisikia sauti ile. Alijua kwamba uso wake umebadilika, kwa sababu Mwanaidi alimwuliza, "Ni yeye?"

"Ni yeye. Anasema anafungua. Halafu hasemi tena."

Mwanaidi hakushangaa, wala hakumwambia ni mawazo. Alisema, "Mimi sikumsikia siku ile. Wewe walau ulimsikia." Kisha akasimama. "Nimesikia bwana misitu amekujia. Vijana wake watakuogopesha zaidi, kwa sababu wakishika kamba wanaogopa wao. Kesho nitashika mimi. Nimekata na kubeba magogo tangu nifiwe, mikono ninayo. Ukifika ulipofika ukashindwa, shuka. Mimi sitakuambia usituaibishe. Neno hilo sitalisema tena kwa mtu yeyote."

Kesho yake, saa tatu asubuhi, tulikuwapo watu kama kumi na watano pale kijitoni. Kristofa alitaka kumkataza mwanamke asishike kamba, akamtazama Mwanaidi, akaacha. Kornelio alimfundisha mbele yetu: jinsi ya kuizungusha kamba kwenye gogo mara mbili, jinsi ya kuilegeza bila kuiachia, na yale maneno matatu. Alipofika kwenye neno la kwanza alikwama. Mwanaidi alingoja. Kornelio akalisema, kwa shida, kama mtu anayetema mfupa.

Kisha Mwanaidi akamwuliza, kwa sauti ya kawaida tu, mambo ambayo sisi tuliona ni ya kitoto. Amelala? Amelala kidogo. Amekula? Uji. Ana homa? Hana. Mikono inatetemeka?

"Inatetemeka," Kornelio alisema.

"Sana?"

Akainyoosha, wote tukaiona. "Kiasi hiki."

"Basi tumejua," Mwanaidi alisema, na akashika kamba.

Baadaye Kornelio alisema lile ndilo lililomsaidia kuliko sala na mawaidha yote. Zamani alikuwa anafika juu kabla ya kupanda. Siku ile hakufika popote kabla ya kufika. Alijua ana mikono inayotetemeka kiasi kile, na kwa mikono hiyo hiyo akashika tawi la kwanza, na lilipokubali akashika la pili. Hakuwaza panda. Kila jambo baya lilipomjia kichwani aliliuliza: wewe ni la hapa au la kule? Kama ni la kule, aliliacha lingoje.

Kwenye mti wa kuvukia alisimama muda mrefu. Hondohondo waliruka wote kwa pamoja, mabawa yao yakavuma kama upepo, kisha msitu ukanyamaza. Tulimwona akivuka, tumbo likiwa juu ya tawi la mkulo, matunda madogo yakimdondoka mgongoni. Akafika kwenye panda.

Pale akaisikia. Safari hii haikutoka juu. Ilitoka kando yake, alisema, karibu na sikio, imechoka kidogo, kama sauti ya mtu mwenye homa. "Nafungua."  Akageuza macho akaona mahali tawi la zamani lilipong'oka. Kidonda chake kilikuwa kimezungukwa na gome jipya, lakini katikati kulikuwa na shimo jeusi, pana, lenye unga wa mbao uliooza na siafu wakiingia na kutoka. Akaingiza mkono. Mkono ukazama mpaka kwenye kiwiko.

Alikaa hapo akiwa ameushika uozo ule mkononi. Sisi chini hatukujua anafanya nini. Kristofa alifungua kinywa kutaka kumwita, Mwanaidi akamtikisia kichwa.

Kisha sauti ya Kornelio ikashuka. Ilikuwa nyembamba lakini ilifika.

"Nafungua."

Ilipaswa Mwanaidi ajibu. Hakujibu. Midomo yake ilifunguka ikafungika. Kamba ilikuwa imekazika mikononi mwake, na nadhani kama angeweza angemkaza mtu yule pale pale, asipande wala asishuke, abaki hai kwenye ile panda hadi mwisho wa dunia. Hakuna aliyethubutu kujibu kwa niaba yake. Kule juu Kornelio alingoja. Hakurudia neno, wala hakufungua.

"Fungua, shemeji," Mwanaidi akasema. Hakupaza sauti, lakini msitu ulikuwa umenyamaza kiasi kwamba alisikika.

Kamba ikalegea. Tuliiona ikining'inia, tupu. Nilihesabu pumzi zangu mwenyewe: moja, mbili, tatu. Zilikuwa zaidi ya mbili. Kornelio alikuwa ameliacha kando lile jeraha na kuupima kwa goti upande mwingine wa panda, taratibu, kama mtu anayeingia kwenye nyumba ya wengine.

"Nimefunga."

Mwanaidi alivuta kamba kidogo kuhakikisha, kama alivyofundishwa. Nayo ikamvuta. Alibaki amesimama wima akitazama juu, machozi yakimtiririka hadi kidevuni, na mikono haikuiachia kamba ili kuyafuta.

Kornelio aliteremsha vikapu viwili na nusu siku ile, na vitatu kesho yake. Alipokanyaga chini mara ya kwanza alikaa kwenye majani. Mwanaidi alimletea maji ya kijito kwenye kata.

"Tawi lilikuwa limeoza," Kornelio alimwambia. "Ndani kote. Kwa nje usingejua."

"Lingembeba mtu mzima? Asiye na homa?"

"Lisingembeba hata mtoto."

Mwanaidi aliinamisha kichwa. Nilidhani atafurahi. Alisema tu, "Lakini asingekuwa na homa, labda angelipima."

"Labda," Kornelio alisema. "Au nisingemtania."

Hawakulimaliza neno lile, siku ile wala baadaye. Lakini tangu hapo Kornelio alipita nyumbani kwa Mwanaidi kila Ijumaa, yeye na Dorkasi, wakakaa barazani wakamzungumzia Athumani: alivyokuwa anaimba vibaya, alivyokuwa anaiba matunda ya damu kwenye bustani za wamisionari alipokuwa mdogo. Sauti haikuacha kuja. Ilipungua, ikawa ya majira, inakuja na ukungu wa mwezi wa saba. Dorkasi aliwahi kumwuliza kama bado inamtisha. Akasema inamtisha, ila sasa anaijua inatoka kwa nani.

Mbegu nyingi tayari zilikuwa na wadudu. Kristofa alizipanda zote siku ile ile zilipofika, na zilizoota hazikufikia hata robo. Miche yake ipo hadi leo kwenye mteremko wa nyuma ya shule, mingine imeshapita paa.

Kornelio alipanda miaka sita zaidi, na Mwanaidi ndiye aliyekuwa mshika kamba wa Kwemkulo. Alifundisha vijana wale wanne, na baadaye binti zake wawili. Kabla mtu hajapanda alimwuliza maswali yale yale ya kitoto, na alitaka ajibiwe kweli. Mwenye homa alirudi nyumbani. Mwenye ugomvi na mkewe alirudi nyumbani akapatane naye kwanza. Mwenye kusema haogopi chochote alikalishwa chini akangojeshwa, mpaka aseme anaogopa nini.

Nakumbuka asubuhi moja Kornelio alifika msituni mapema, amefunga kiunoni mkanda wa kupandia, yuko tayari. Mwanaidi alimtazama, akaanza kuikunja kamba.

"Leo hupandi, shemeji."

"Kwa nini? Nimekula, nimelala, sina homa."

"Umeniamkia mara mbili. Mara ya kwanza hukunisikia nikiitikia."

Kornelio alisimama akifikiri. Kisha alifungua mkanda, akautundika kwenye kijiti, akateremka zake kupitia njia ya kijitoni. Dorkasi alimkuta mchana amelala fofofo kwenye jamvi, viatu bado viko miguuni, akamvua.